Mu udongo wa matofali

Mardi.

Ule mupira niliazima kwa jirani ili nifundishe mujukuu wangu, nimemurudishia. Wakati nilikuwa nacheza mupira, muji wetu wa Mongbwalu wote ulikuwa unanijua. Lakini Dieume, ule mujukuu, iko na autisme: makelele na kuvutwa-vutwa vinamusumbua kuliko batoto bengine. Nikimupigia mupira, anaziba masikio na kuikala chini.

Mama yake iko na woga, juu mutoto anashinda ameikala, miguu inaanza kulegea.

Leo nikamushusha mu shimo penye tunakanyagia udongo wa matofali. Nikakanyaga udongo. Naye akakanyaga, bila kulia, mpaka jasho ikamutoka.

Mama yake akatukuta. «Papa, mulimufundisha namna gani?»

«Bafundi kama miye habazaliwi tena,» nikajisifu.

Kweli, sikumufundisha kitu. Nilinyamaza tu, sikumuvuta mukono. Kesho nitanyamaza tena, hata kama kunyamaza kunanishinda.