Kitambi cha Mwanangu

Shoga, uko hapo? Natoka kliniki sasa hivi, uso sina pa kuuweka.

Kile kitambi cha mwanangu, ambacho mama mkwe anakisifia kwa majirani kwamba mjukuu wake anashiba? Ni minyoo. Minyoo, shoga.

Nesi kampima mbele ya foleni nzima. Kilo zilezile za miezi sita iliyopita. Akaniuliza, "Tulipopita nyumba kwa nyumba kugawa dawa za minyoo, si ni wewe uliyetuambia twende kwa wenye watoto wachafu?"

Ni mimi. Na aligonga mlango wangu yeye mwenyewe. Amekumbuka neno kwa neno, na kina mama wote wametega masikio.

Mama mkwe, niliyekuja naye, akadakia, "Mimi nimelea saba bila vidonge. Huyu anakula vizuri."

Nesi akasema taratibu, "Anakula, bibi, ila walaji wako wengi. Ana miaka mitatu, kimo chake cha miaka miwili."

Mama mkwe akakitazama kile kitambi upya.

Mtoto katafuna kidonge kama pipi, akaomba kingine. Kisha nikamsikia mama mkwe akimnong'oneza nesi, "Na sisi wakubwa, chetu kipo?"

Tumemeza wote watatu. Mwezi ujao tunarudi kumpima. Njiani nimelia, usimwambie mtu.

Na usinicheke. Siku ile nawafukuza wale watu, wewe ulikuwa kwenye kochi langu unanishangilia. Wabebe wanao, nesi yupo mpaka saa tisa.