Uji wa Mchana wa Kwaresima

Shikamoo mama yangu wa Nachingwea,

Huku Ruangwa mvua inashuka kila jioni na mimi nina furaha. Nilikuja kwenye mafungo ya Kwaresima nimeazimia kufunga kabisa, hata maji nisiguse mpaka jua lizame, nimkaribie Mungu. Maziwa yakapungua. Mjukuu wako Neema akawa analia na titi mdomoni, nami sijui niendelee au niache.

Bi Somoe, mama wa Kiislamu aliyetupokea kwake, yeye yuko kwenye Ramadhani. Akaingia jikoni na saumu yake, akakoroga uji wa mtama na karanga, hata kuonja hakuonja. Akaniwekea. "Kunywa, mwanangu. Anayenyonyesha hafungi."

"Wenzangu wa parokiani watasema nimeshindwa."

"Ala! Kumbe unawafungia wao?" Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Mama, lile neno lilinichoma. Nikashika bakuli, nikamuuliza Mungu kimoyomoyo, kweli kweli, anataka nini kwangu. Moyo ukatulia kama mtoto aliyebembelezwa. Nikanywa mchana kweupe, wenzangu wakiniona, wala sikuinamisha uso.

Ijumaa nikaongoza Njia ya Msalaba, Neema mgongoni ameshiba, kalala fofofo. Najivunia, mama. Siku zote nilikuwa nauliza watu. Safari hii nimemuuliza Mwenyewe, na nimemsikia.

Mungu akulinde wewe na shamba lako la ufuta, na hicho kifua kinachokusumbua kipone. Nakupenda sana.

Mwanao Stela