Shanga za Kibuyu cha Mama

Tepic, 9 Machi

Mpendwa Dada Kupaima,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima pamoja na shemeji na watoto, na mahindi yenu yawe bado yapo ghalani. Mimi mwili hauna neno, ila moyo hautulii.

Ningali kwa Bi Ernestine, yule msanii Mmarekani mweusi aliyehamia huku Meksiko. Hutengeneza nyuso za watu kwa kubandika vitambaa, karatasi na kauri juu ya ubao, mapaji yametokeza kama ya vinyago vya Kiafrika. Kazi yangu ni kupaka nta na kupachika shanga, kama tulivyofunzwa nyumbani. Husema bibi zake waliuzwa kutoka Afrika wasiache hata jina, ndiyo maana anawatengenezea nyuso.

Mama alipokuja kunitembelea, Bi Ernestine aliomba kutengeneza uso wake. Mama alikataa katakata. Alisema, "Mwanangu, uso wangu ni wa kutazamwa na miungu. Nisibandikwe ukutani mimi." Alipoondoka, nilimwambia Bi Ernestine kwamba amekubali. Nilitaka mno kuuona uso ule.

Tulianza na jicho la kulia. Wiki ile ile ukaniandikia kuwa jicho la mama la kulia limeingia ukungu. Nikajiambia ni uzee. Tukaweka mdomo, ukaandika kuwa mama hasemi tena, anageukageuka tu kama mtu anayeitwa.

Sasa dada, nisikufiche. Shanga nilizopachika kwenye uso ule hazikutoka dukani. Nilizibandua kwenye kibuyu cha dua cha mama, kile alichowekewa na baba katika nyumba ya ibada ya ukoo siku aliponusurika kufa akinizaa, ili miungu imlinde. Nilikichukua sikukuu iliyopita, nikakificha ndani ya sketi.

Jana nilimweleza Bi Ernestine yote. Aliweka mkasi chini. "Utsima, watu wangu mimi waliibwa," alisema, "na wewe ukanifanya mwizi?" Tukaanza kuzing'oa shanga kwa sindano. Za jicho zimetoka. Za mdomo zimezama kwenye nta. Kila tukizigusa, zinapasuka.

Nakuja Alhamisi na kibuyu. Nisubiri kituoni peke yako. Mama usimwambie, nitapiga magoti mwenyewe. Nikiwa nimechelewa na mama ameshatutoka, usihangaike kunipa habari. Nitaisoma usoni mwako.

Wakumbatie wanao kwa niaba yangu.

Mdogo wako mkosefu,
Utsima