Alama Upande Wako wa Wavu

Mpendwa mama mkwe,

Tangu tukuzike, watu wananiletea sifa zako. Matroni aliyenyoosha wadi nzima kwa jicho moja. Mama aliyelea watoto wa jirani pamoja na wake. Nazipokea zote. Lakini kazi yangu ni kuuliza, na kuna jambo moja ambalo hukuwahi kunijibu nikaridhika. Mipira yote ile uliyoiita "aut", yaani nje, kwenye uwanja wa tenisi karibu na mtaa wa Woodley, uliiona imetoka kweli?

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuja kwenu na wajomba wawili na shati jipya kujitambulisha, kwa sababu nilitaka kumwoa Naliaka. Mzee wako alikubali haraka kuliko tulivyotarajia. Wewe ulikuwa umeketi chumba cha pili, kama desturi yetu watu wa magharibi ya nchi inavyotaka, na kutoka huko ukauliza swali moja tu.

"Huyo kijana anacheza tenisi?"

Mjomba alidhani ni mzaha. Nikajibu kwamba nilijifunza kidogo chuoni.

"Basi aje Jumamosi. Mambo ya mahari yatasubiri."

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Katika miaka ile, sisi wa magazeti tulimchagulia maneno hata mhudumu wa chai ofisini, tukihofia ni mpelelezi wa serikali. Mtu akikukaribisha bila sababu, uliitafuta sababu. Tena kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani hupishana kwa mbali. Majirani walipokuuliza mambo gani haya, uliwajibu, "Kuna wavu katikati. Mnataka ukuta?" Sketi yako nyeupe ilifika kwenye vifundo vya miguu. Sijaona tena mtu akikimbia vile ndani ya sketi ndefu.

Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, na mistari yake ilichorwa kwa chokaa. Kwenye udongo mpira huacha alama, na mwenye shaka huenda kuitazama. Mimi sikuweza. Alama zilikuwa upande wako, na mkwe kuvuka wavu kumfuata mama mkwe wake ni aibu ambayo wazee wangeijadili hadi Krismasi. Ulilijua hilo. Nilipiga fohendi, mpigo wa upande wa kulia, mpigo pekee niliouamini. Nikauona mpira ukitua juu ya mstari, ambapo huhesabiwa ndani, na vumbi jeupe likiruka.

"Aut!" ukasema, ukageuka kwenda kuanzisha pointi nyingine.

"Sawa, Mama," nikajibu.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Benchini aliketi Rosa, dada mkubwa wa Naliaka, aliyekuwa amemwacha mumewe na kurudi nyumbani na watoto wawili. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Rosa hakuufuata mpira kwa macho. Alinitazama mimi. Nilishuku kwamba umemweka pale kama shahidi wa kesi ambayo sijasomewa mashtaka.

Naliaka aliniuliza, "Mama anasemaje kuhusu sisi?"

"Anasema aut."

Nilifikiri nimekuelewa: hukunitaka, na ulikuwa umechagua njia ya kistaarabu ya kunichosha. Nikaamua kwamba ikiwa mistari haiaminiki, basi nitafute mchezo usiohitaji mistari. Jioni, nikitoka ofisini mjini, nilikwenda Westlands kwa Bwana Harbans, mfamasia Mhindi aliyecheza kwenye uwanja wa jumuiya yao. Alinitazama nikipiga mipira michache, akacheka.

"Wewe nakuja na kiatu moja, bwana gazeti. Fohendi iko. Bekhendi iko wapi? Umeacha ofisini?"

Alinirushia mipira upande wa kushoto, wa bekhendi, hadi kiwiko kikavimba. Akanifundisha mpira mfupi unaofia nyuma tu ya wavu, na mpira wa juu unaompita mtu kichwani akiwa amekimbilia huo mfupi. Akanilazimisha kusogea mbele, mahali nilipoogopa kama mtu anayevuka barabara bila kutazama.

"Na wacha kulenga laini," alisema. "Laini ni ya watu ya kujionyesha. Lenga mahali yeye hayuko."

Mvua za masika zilipokwisha nilikuwa na mchezo mzima, wa pande zote. Mipira yangu ilitua ndani kabisa, mbali na chokaa. Ulikimbia mbele, ukarudi nyuma, ukashika kiuno. Ulianza kupoteza gemu. Ndipo siku moja nikakupigia bekhendi iliyotua hatua mbili ndani ya mstari, mbele ya miguu yako.

"Aut!"

Nilisogea hadi kwenye wavu, nikasimama hapo.

"Mama, huo ulikuwa ndani."

"Unaniita mwongo?"

"Hapana, Mama. Nasema mpira ulikuwa ndani. Hata ule wa kwanza leo. Hata ile ya Jumamosi iliyopita."

Rosa aliinuka kwenye benchi. Wewe ulipiga raketi polepole kwenye sketi.

"Kumbe una mdomo," ukasema. "Mume wa Rosa alikuwa hivi hivi. Sawa Mama, sawa Mama. Hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Akishafunga mlango wa nyumba yake ndiyo alikuwa anatoa hasira yote, juu ya huyu mtoto wangu. Wewe nimekunyang'anya mipira miezi yote hii na unasema sawa. Nikajiuliza, huyu anaweka wapi?"

"Naweka kwenye bekhendi, Mama."

Rosa alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Pointi yako," ukasema. Ulipokwenda kuokota mpira ukaongeza, bila kugeuka, "Waambie wajomba zako waje."

Hayo ni maelezo mazuri, mama mkwe. Ni mazuri mno, ndiyo maana nayashuku. Nimewasikiliza wakubwa wengi wakijieleza baada ya kushikwa, na naijua sauti ya sababu iliyochelewa kufika. Kwenye mazishi, mama mmoja wa kanisani aliyecheza nawe miaka mingi aliniambia, "Marehemu? Alituibia sote. Hata mchungaji." Kwa upande mwingine ninaye Rosa. Anasema tangu siku ya kwanza ulimwagiza atazame mikono yangu kila ulipoita aut. Walioniambia ni wawili na maneno yao hayapatani. Mhariri wangu angenirudishia habari hii.

Lakini wiki iliyopita Naliaka aliniambia ameamua kwamba Mzee aendelee kukaa peke yake Woodley, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Nikasema, "Sawa." Akaacha kukunja nguo, akaniangalia kama Rosa alivyoniangalia zamani.

"Hiyo ni sawa ya kweli, ama ile uliyokuwa ukimpa Mama?"

Nikakaa kitandani, nikamwambia si sawa. Nikamwambia baba yake anasahau jiko likiwaka, na kwamba tangu mazishi hajala chakula cha kueleweka. Tulibishana sana. Yeye alipaza sauti, mimi pia nikapaza, na watoto wakaongeza sauti ya televisheni. Hakuna aliyeinua mkono, na hakuna mlango uliofungwa. Mzee anahamia kwetu Jumapili. Analalamika kwamba tumemwonea, na analalamika kwa sauti kubwa.

Pumzika, Mama. Bado nadhani ulipenda kushinda kuliko ulivyopenda kunipima. Nimekaa na binti yako miaka hii yote bila kulithibitisha jambo hilo, na sasa nimeacha kulichunguza.

Mkweo