Kura Moja ya Kulmala

Kulmala, Wisconsin
18 Septemba

Mwanangu Dale,

Salamu nyingi kutoka huku kaskazini, ambako baridi imeshaanza kubisha hodi. Mimi mzima. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini hayo yalianza kulalamika kabla hujaoa na kabla hujaachwa, tumeshazoeana. Wewe je? Unakula chakula, au bado unaishi kwa kahawa na donati za ofisini?

Najua unapiga simu hunipati. Nimeichomoa ukutani. Ilikuwa inalia tangu kifungua kinywa mpaka nazima taa, na kila mara ni kijana mwenye sauti ya asali ananiuliza kama ninajua kwamba jimbo letu ndilo litakaloamua nani awe rais. Najua! Kila miaka minne tunaambiwa hivyo, kisha wanatusahau. Yule wa mwisho aliposema anapiga kutoka ofisi ya chama chenu huko Milwaukee, nilimwambia, "Mwambie mkubwa wako Dale Kettunen mama yake anamsalimu, na avae skafu." Akakata. Basi tuandikiane, kama watu.

Nimesimamisha bango la Bi. Okerlund, mgombea wangu wa urais, kwenye kona ya shamba. Ndiyo, wa chama cha tatu. Ndiyo, tena. Lilikaa siku mbili likang'olewa, nami nimesimamisha jingine. Wilbert Niemi, karani wetu wa mji, alipita na gari lake, akapunguza mwendo. "Mama Dale," akaniuliza, "hivi wewe huchoki kushindwa?"

"Na wewe," nikamwambia, "huchoki kushinda na mambo kubaki yaleyale?"

Akapandisha kioo.

Mama yako


Milwaukee
26 Septemba

Mama mpendwa,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi sijambo, na skafu nimevaa. Yule kijana wa simu alikuja mezani kwangu amepauka, akaniuliza kama nimelelewa na simba.

Mama, naomba unisikilize mara hii moja bila kunikatiza, na kwa bahati nzuri barua haikatizwi. Miaka minne iliyopita jimbo hili lilituponyoka kwa kura chache kuliko zile alizopata mgombea wenu. Hesabu ndiyo hiyo. Wiki jana niligonga mlango mtaa wa kusini, akatoka mama mmoja anayesafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Wale wengine wakishinda, bima yake iko hatarini. Nikamtajia kwamba wewe unampigia Okerlund. Akasema, "Mama yako ana nafasi ya kuwa na msimamo. Mimi sina." Wewe ungemjibu nini?

Sikuombi umsaliti Okerlund. Kuna njia. Watu wa majimbo yenye ushindani wanabadilishana kura na watu wa majimbo ambayo mshindi wake anajulikana tangu asubuhi. Nimekupatia mwalimu mstaafu wa Massachusetts. Yeye ni wa chama chetu, lakini kwao tunashinda hata mgombea wetu akilala. Atampigia Okerlund kwa niaba yako, na wewe utampigia wetu kwa niaba yake. Okerlund hapungukiwi hata na kura moja. Ni suala la kuaminiana tu.

Siku za mwisho za kampeni nitapangiwa huko huko kaskazini. Nitapita kukuona.

Mwanao,
Dale


Kulmala
3 Oktoba

Mwanangu,

Nimekusoma mpaka mwisho bila kukukatiza. Sasa zamu yangu.

Mpe pole yule mama wa mtaa wa kusini, na si pole ya kampeni, pole yangu mimi. Neno lake limeninyima raha siku nzima. Lakini mimi ninalo la kumuuliza pia. Kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi baba yako kilipofungwa, chama kimoja kilitia sahihi ule mkataba wa biashara uliokiua na kingine kikapiga makofi. Eino akafa bila kazi na bila bima. Nani aligonga mlango wangu wakati ule? Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Mimi nimechoka kuwa nyasi, Dale, na nimechoka zaidi kuombwa nichague fahali wa kunikanyaga.

Na huyo mwalimu wa Massachusetts, simjui, namheshimu. Lakini nikiipeleka kura yangu kwao, Wilbert atasoma nini hapa? Unajua desturi yetu. Kura zikishahesabiwa karani anazisoma kwa sauti ukumbini, jina kwa jina, na wa chama kidogo wanasimama waonekane. Enzi za babu yako na Wafini wenzake, wakata miti wa msituni, nusu nzima ya ukumbi ilisimama. Mimi nilipoolewa walisimama meza moja. Halafu tukabaki mimi na Eino, wawili, na wewe unajificha nyuma ya makoti ukutani kwa aibu. Ulidhani sikukuona? Sasa nimebaki peke yangu. Wilbert anasoma, "Moja," vichwa vyote vinageuka, nami nasimama karibu na jiko, kikombe mkononi, nasema, "Huyo ni mimi." Wanacheka. Wacheke. Siku ile itakaposomwa sifuri hapa Kulmala, watasema sote tuliridhika. Mimi sijaridhika.

Mama yako


Milwaukee
9 Oktoba

Mama,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Ndiyo, nilijificha nyuma ya makoti. Watoto wenzangu waliniita Sifuri Nukta Moja mpaka darasa la nane. Wewe ulisimama, mimi nikalipa.

Nimekubembeleza vya kutosha. Unataka kusimama ukumbini uonekane una moyo safi, na gharama walipe wengine mtaa wa kusini. Huo si ujasiri, Mama. Hayo ni majivuno. Tukishindwa tena hapa kwa kura za kuhesabika, sitaweza kukaa meza moja nawe nikale bata mzinga kama hakuna kilichotokea. Usinitarajie Sikukuu ya Shukrani. Na nikija kaskazini sitapita.

Dale


Ashland
24 Oktoba

Dale,

Salamu kutoka kitandani. Usishtuke. Bango liling'olewa tena, nikaenda kulipigilia juu zaidi, kwenye nguzo. Ngazi ikawa na maoni yake. Nimevunjika nyonga. Wamenipasua, wamenitia chuma, na sasa niko kwenye nyumba ya kuuguzia wazee, ambako wanatupa jeli ya kijani kila mlo na kuniita "mrembo". Wilbert ndiye aliyenikuta chini. Alinifunika kwa koti lake akakaa kwenye majani akinisimulia habari za ng'ombe wake mpaka gari la wagonjwa likaja. Alipoona nimeanza kutabasamu akasema, "Mama Dale, sasa je, umechoka?" Nilimtukana kwa Kifini.

Sikukuandikia mapema kwa sababu barua yako iliniuma. Bado inauma. Ulivyoniita, hata Wilbert hajawahi kuniita.

Lakini nina jambo. Nimejaza karatasi yangu ya kura hapa hapa kitandani, muuguzi ameshuhudia na kutia sahihi, bahasha imefungwa. Naiweka ndani ya barua hii. Naweza kuituma moja kwa moja kwa Wilbert, posta ipo. Nakupa wewe. Mfikishie karani kabla kituo hakijafungwa. Na jioni, ikisomwa, mtu asimame. Mimi siwezi, nimejaribu leo nikaangukia mikononi mwa muuguzi. Kura inayosomwa mbele ya kiti kitupu wataifanyia mzaha mwaka mzima, kwamba mimi, Saima, nimekufa na kura yangu imebaki inazurura.

Unaona mimi nina majivuno. Haya. Na wewe je, mtu anayegonga milango ya wageni kuwaambia kila kura ina thamani? Hiyo hapo, moja. Iko mkononi mwako.

Mama


Ashland
4 Novemba

Dale,

Natumaini u mzima. Kila posta ikija namuuliza muuguzi, na kila siku ananiletea jeli.

Hujajibu. Basi nitasema la mwisho. Ukitaka kuitupa, itupe. Mimi sina miguu ya kukufuata. Lakini usinidanganye baadaye kwamba ilipotea. Nenda ukumbini Jumanne jioni usikie mwenyewe ikisomwa sifuri, kisha uje uniangalie usoni. Sikukulea uwe mwoga, nilikulea uwe mbishi, na hilo nilifaulu kupita kiasi.

Ninakupenda. Hiyo haina masharti. Kura ndiyo yenye masharti.

Mama yako


Milwaukee
9 Novemba

Mama,

Nakusalimu, na naomba nyonga yako ipone haraka. Nilipaswa kuja kukuona. Nilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka hapo, sikuja, na naona aibu. Nilihofia nikikuona kitandani nitakuahidi kitu.

Bahasha ilikaa kwenye mfuko wa koti langu muda wote wa kugonga milango. Nilikuwa nawaambia watu "tafadhali, kila kura moja", na yako inanichoma kifuani. Jumatatu nilisimama kwenye daraja la kile kiwanda cha karatasi, mto haujaganda bado, nikaitoa. Nitakuambia ukweli: nilimfikiria yule mama wa mtaa wa kusini, na mkono wangu ulikuwa tayari umevuka ukingo. Kisha nikasoma mwandiko wako juu ya bahasha. Mwandiko umepinda kwa sababu uliandika umelala. Nikakasirika mpaka nikapiga teke ukingo wa daraja. Kidole cha mguu kimevimba.

Asubuhi ya Jumanne nilimkabidhi Wilbert. Alitazama bahasha, akanitazama mimi, na beji ya chama kifuani kwangu. "Unajua kilichomo?" akauliza.

"Kaburi langu," nikasema. "Pokea kabla sijabadili mawazo."

Jioni nikaenda. Ukumbi ulijaa. Meza ya mikate ilikuwa haina mkate wako wa iliki, na watu walinung'unikia hilo kuliko uchaguzi. Bi. Trask, mkubwa wangu, alikuwa amekuja na kalamu kunakili matokeo. Wilbert akasoma wale wengine: mia moja na kumi na mbili. Akasoma sisi: mia moja na tisa. Kisha akasafisha koo. "Okerlund, moja."

Vichwa vyote vikageukia kwenye jiko. Kiti chako kilikuwa kitupu, mtu amekitupia koti lake. Kicheko kikaanza, kile kile ninachokijua tangu utotoni. Jamaa mmoja nyuma akasema, "Bibi kizee yuko Ashland, kura imekuja na magongo!"

Mama, nilikuwa nimesimama tayari kabla sijaamua. Nilitoka kwenye upande wa watu wangu nikaenda karibu na jiko. Nilikuwa sina hata kikombe. Bi. Trask aliacha kuandika.

"Dale?" Wilbert akasema. "Hiyo ni yako?"

"Ni ya Saima Kettunen," nikasema. "Nimesimama kwa niaba yake. Mwenye kucheka anicheke mimi, yeye hayupo. Soma tena."

Akasoma tena, polepole. Hakuna aliyecheka. Nikasimama hivyo mpaka Wilbert akakunja karatasi yake, ndipo nikajua ulichokuwa unakifanya miaka yote ile baada ya Baba kufa.

Usifurahi sana. Tumeshindwa jimbo, na tofauti ni ndogo, umeshasikia. Mgombea wako anazo nyingi kuliko hiyo tofauti. Nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yako wewe. Sitampigia Okerlund hata nikipewa Massachusetts nzima. Bi. Trask amenifukuza kazi, ingawa yenyewe ilikuwa inakwisha Ijumaa. Na nilirudi kwa yule mama wa mtaa wa kusini kumwambia tumeshindwa. Alinifungulia, akanisikiliza, akafunga mlango taratibu. Nilitaka ulijue hilo pia.

Mwanao,
Dale


Ashland
13 Novemba

Mwanangu Dale,

Salamu zangu zote, na za chuma changu kipya. Leo nimetembea mpaka dirishani na kurudi. Muuguzi alipiga makofi, nikamwambia akae na makofi yake.

Kuhusu yule mama, nitumie anwani yake nikamwone nikipona. Sitamwomba radhi kwa kura yangu, lakini akitaka kunifungia mlango, anifungie mimi. Si haki mtoto wangu afungiwe kwa ajili yangu. Ila hilo la kushindwa usinitwike. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kura yangu haikuwa yenu hata mseme mmeibiwa. Mkiitaka, mwaka mwingine njooni muiombe kwa jambo, msije kwa vitisho vya fahali wa pili.

Wilbert alikuja jana na chupa ya kahawa. Alinimiminia kikombe. Kisha akasema, "Alisimama wima, kama Eino." Nikamwambia Eino alikuwa anainama kidogo upande wa kushoto. Alipoondoka nililia mpaka mto ukalowa. Sijalia hivyo tangu tumzike baba yako, na safari hii yalikuwa machozi mazuri. Asante, mwanangu. Nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Sikukuu ya Shukrani wataniruhusu kurudi nyumbani. Bata mzinga nitampika nimekaa, wewe utakata kuni. Tutagombana kuanzia supu. Uchaguzi ujao nitasimama mwenyewe, kwa hiyo wewe ukae na watu wako na unyamaze.

Ila jambo moja hukuniambia. Ni koti la nani lililowekwa juu ya kiti changu? Kamuulize Wilbert, na mwenyewe aliondoe. Sijafa.

Mama yako