Maji Yasikatishwe

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa kuwa kwenye simu husikii tena, na ukisikia unabisha. Mimi mzima. Mama anaendeleaje na kifua?

Nina swali la kazi. Bwawa la kuogelea la hoteli limekwisha kumwagwa zege, mwenye hoteli anataka kuta na sakafu zidumu. Mmoja anamwambia apake rangi, mwingine vigae. Wewe umefanya kazi hii miaka thelathini. Nimshauri nini?

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, magoti tu yananinung'unikia. Mama yako anakohoa, ila ulimi mzima. Anakusalimu.

Rangi? Ebo! Hiyo ni poda ya bibi harusi, miaka miwili imekwisha banduka. Vigae si vibaya, lakini kimoja kikimeguka kitamkata mtoto wa watu mguu. Piga lipu ya saruji na kokoto ndogo. Itatuzika sote. Ila ina masharti: kuta na sakafu siku moja, hakuna kulala katikati. Kesho yake fungulia maji, na yasikatishwe mpaka bwawa lijae. Ukifunga bomba njiani yatachora mstari ukutani, na mstari huo hautoki maisha. Lipu haingoji mtu.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Amekubali lipu! Ndiyo kazi yangu kubwa ya kwanza. Tunapiga tarehe kumi na tisa. Bomba lao dhaifu, kujaa ni siku nne. Nikimaliza nakuja nyumbani.

Habari za mama umenijibu kwa mzaha. Akizidiwa nipigieni, hata kama nimo ndani ya bwawa.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Kaa kitako kwanza. Mama yako alizidiwa tarehe kumi na nane. Jana asubuhi ametutoka, leo tumemzika. Niliwakataza wote wasikupigie. Ulikuwa na lipu, kisha maji. Ungeacha kila kitu, ungeharibu jina lako. Nilisema umalize kwanza, uje tulie pamoja. Usinikasirikie.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Barua yako imenikuta nimeshajua. Mama mdogo alishindwa kunyamaza, akanipigia jioni ile ya mazishi. Nilifunga bomba, nikapanda basi. Nilifika kaburini udongo bado mbichi, nikageuka bila kupita kwako.

Anasema mama aliniita siku zote tatu, na wewe umekaa pale kitandani unamwambia, "Lipu haingoji." Lipu haikungoja, sawa. Mama alingoja, Baba.

Mstari upo ukutani, unanifika kifuani. Mwenye hoteli amenifukuza. Sijali. Usiniandikie.

Mtoto wa mama

19 Aprili

Mwanangu,

Hukuniamkia, naitika hivyo hivyo: marahaba. Mimi si mzima.

Nyumba imenishinda. Mama yako mdogo ananipakulia chakula, anakiacha mlangoni, anaondoka.

Umenikataza kuandika, lakini kuna jambo ni lazima ulijue. Ule mstari hutoka. Unapunguza maji, asidi kidogo, brashi ngumu, kazi ya siku moja. Niliwatisha vibarua wangu wote hivyo ili wasilegee, nikakutisha na wewe. Nilijua unatoka hata mama yako alipokuwa anakuita. Nilijua, nikanyamaza, maana nilitaka kazi yako ya kwanza isiwe na doa.

Nitukane ukitaka, ila nijibu.

Baba yako