Kibuyu Alichoteka Mtani

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila shikamoo, hata kwenye karatasi. Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya jiko, na karatasi nimeichomoa katikati ya daftari la jiografia. Ungekuwepo ungenicheka. "Bibi Kitabu," ungesema, "hata mimi unaniandikia insha?"

Nina habari mbaya na habari nzuri. Mbaya ni kosa langu. Nzuri, sehemu kubwa, ni kosa la Mzee Chilewa. Naanza na mbaya, kwa sababu ulipenda dawa chungu inywewe kwanza.

Kibuyu chako cha mbegu kilitekwa.

Kile kidogo kama ngumi, ulichokiziba kwa gunzi na kukiweka juu ya mlango wa chumba chako. Ndani ulichanganya mbegu za ngogwe na majivu ili wadudu wasiziguse. Zile ngogwe nyeupe kama mayai ya njiwa, nyanya chungu zisizo na uchungu mwingi, ambazo watu sokoni walikuwa wakiuliza, "Za Zuhura zimekuja?" hata kabla ya kukusalimu.

Siku ya tatu ya msiba wako, Mzee Chilewa alikuja kama Mgogo anavyotakiwa kuja kwenye msiba wa mtani wake Mnyamwezi. Alianua kanga yako kwenye kamba, akajifunga kichwani, akashika mwiko, akawatangazia wote waliokuwa uani kwamba Zuhura amekufa makusudi ili asimpikie tena. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji. Sikujua kama na mimi ninaruhusiwa kucheka.

Halafu akapapasa juu ya mlango wako. "Ahaa! Ugoro wa Zuhura huu hapa!" Akamimina kidogo kiganjani, akavuta kwa pua zote mbili.

Shangazi, alipiga chafya mpaka kanga ikamdondoka. Uso wote ulikuwa majivu. "Jamani," akasema, "mwanamke kafa na bado ananipiga!" Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu tukuzike, alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Nilimshukuru Mzee Chilewa kwa hilo. Lakini alipoondoka alikifunga kibuyu kwenye pindo la shati lake, akasema, "Hiki ni mateka. Anayekitaka aje akikomboe."

Baba akanigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa naye bustanini. Utakwenda wewe."

Nikasema ndiyo, kesho.

Kesho ikafika arobaini yako. Ikapita. Mvua zikanyesha, na mimi bado nasema kesho. Unanijua. Miaka yote wewe ndiye uliyepiga hodi, mimi nimesimama nyuma yako na kapu. Ukiulizwa kama mtoto huyu ni bubu, ulikuwa ukijibu, "Anaongea sana, ila kwa maandishi." Sasa nani angepiga hodi?

Mvua zilipokaribia kwisha, nilishuka bondeni kuandaa kitalu. Nikapiga tuta, nikalainisha udongo, ndipo nikakumbuka kwamba sina cha kupanda. Mimea yako ya mwisho uani ilichumwa yote kupikia watu wa msiba, hata ile uliyoacha iive kwa ajili ya mbegu. Sokoni ngogwe zilizokuwepo ni zile chungu za kijani. Nikaona kwamba zako zikikosekana msimu huu ndiyo basi, zimekufa na wewe, na aliyeziua ni mimi na kesho zangu.

Nikaenda siku hiyohiyo, hata miguu sikunawa.

Mzee Chilewa anakaa ng'ambo ya reli. Nilipita mbele ya mlango wake mara tatu. Mara ya tatu sauti ikatoka ndani: "Wewe mpagazi! Unapima barabara? Ingia!"

Nikaingia, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akakataa kuitikia. "Shikamoo kampelekee mjomba wako. Kwa mtani hakukombolewi kitu kwa shikamoo. Nitukane kwanza."

Mimi, Shangazi! Nimtukane mtu mwenye mvi!

Basi akaanza yeye kututukana Wanyamwezi wote. Alisema vichwa vyetu ni bapa kwa sababu ya mizigo ya babu zetu waliopita kwao wakienda pwani. Alisema Mnyamwezi akiambiwa pepo iko Bagamoyo, swali lake la kwanza litakuwa, "Nibebe nini?" Mkewe alikuwa anapepeta mchele pembeni, ananionea huruma. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisimama na huyu mzee njiani, mnatukanana mpaka jua linatuchoma, nami nimeona haya kwa niaba yenu wote wawili. Kumbe ulikuwa unanifundisha, na mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Kitabu chetu cha jiografia kinasema Ugogo hakuna mvua. Sasa mbegu uliiba za nini? Ulitaka kuzipanda kwenye upara wako?"

Mke wake akaacha kupepeta. Nilitamani ardhi inimeze, nije hukohuko uliko unichape wewe mwenyewe.

Mzee Chilewa akaanza kucheka polepole, halafu akashika mwimo wa mlango asianguke. "Umesikia, mama? Umesikia? Watu wanasema Zuhura hakuacha mtoto. Huyu je?"

Hayo maneno nimeyaandika kwenye jalada la ndani la daftari. Siwezi kuyasema kwa sauti bado.

Akanipa kibuyu. Kilikuwa kitupu. Alisema alisubiri mpaka arobaini, hakuna aliyekuja, na mbegu si mbuzi wa kufungwa kamba. Basi akagawa: nusu kwa Fundi Saidi, mshonaji wa hapa Gongoni, nusu kwa Mama Paulo kwenye nyumba za reli. Nyumba zote mbili nazipita kila siku nikienda shule. Sikuwahi kujua kwamba nyuma yake kuna bustani.

Jumamosi nikaanza na Fundi Saidi. Hodi yangu ilikuwa ndogo kuliko sauti ya cherehani yake, nikaipiga mara nne. Alinipeleka uani. Alikuwa ameotesha ngogwe zako kwenye madebe, na mbuzi wa jirani walikuwa wamezila zote. Nilitaka kulia. Lakini palikuwa na bamia ndefu ajabu, na mchicha uliotobolewa na wadudu kama kitambaa cha kuchujia. Nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba wewe ulinyunyiza majivu alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani. Aliniangalia kama nimemfunulia siri ya serikali. "Mwanangu," akasema, "mwaka wa pili huu nalima kwenye madebe nimejificha. Nilidhani mjini hapa ni mimi peke yangu, watanicheka." Yaani, Shangazi, mtu mzima, mwenye ndevu, ana haya kama zangu!

Akafunika cherehani, akanisindikiza kwa Mama Paulo.

Tulipozunguka nyuma ya nyumba, nikamwona mwanamke amebeba ungo, anachuma ngogwe. Nyeupe. Kama mayai ya njiwa. Ungo karibu umejaa. Nilisahau hodi, nilisahau shikamoo, nikapiga kelele: "Usichume!"

Ungo ukaanguka. "Yesu wangu! Huyu mwizi au kichaa?"

"Si kichaa," Fundi Saidi akasema, "ni mwanafunzi."

Nikaeleza. Nilieleza yote, pale nimesimama katikati ya matuta ya mtu, maneno yananitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kesho yake mjukuu wa Mama Paulo alikuwa anabatizwa, na ngogwe zile zilikuwa za wageni. Alinisikiliza, akapiga magoti, akafunua majani ya chini. Zilikuwa zimebaki tatu. "Hizi hakuna wa kuzigusa," akasema. "Zisipotosha, wageni watakula maharage."

Nikachana ukanda wa kanga yako kuukuu, tukaifunga ile mimea, kama ulivyokuwa ukifanya, ili kila mtu ajue ni ya mbegu.

Siku zile tulizosubiri ziive zilinichosha kuliko mtihani. Fundi Saidi alileta miiba, akazungushia kwa sababu ya mbuzi. Mimi nilipita kila siku baada ya shule. Mzee Chilewa naye alikuja, akazitukana ngogwe kwamba ni vivu kama mwenye nazo. Moja ikaoza. Moja ikadonolewa na ndege. Ya tatu ikawa ya manjano, kisha nyekundu kabisa, na Mama Paulo akanikabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

Moja tu. Lakini wewe ulisema ngogwe moja ina watoto wa mtaa mzima, na ni kweli. Nilizikamua mbegu zake, nikazikausha kivulini, nikaacha nyingine kwenye majivu na nyingine nikazimwaga kitaluni. Zimeota, Shangazi. Zimeota zimebanana kama watoto wa darasa la kwanza.

Sasa kila Jumamosi alasiri tunakutana bondeni karibu na kisima. Mama Paulo alileta miche ya matembele. Fundi Saidi alileta bamia na mke wake, ambaye kumbe anajua kilimo kuliko yeye. Wiki iliyopita balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na penseli sikioni. Alitaka kujua hiki ni kikundi gani na mwenyekiti ni nani. Mzee Chilewa akajibu, "Mwenyekiti ni marehemu Zuhura. Tangu afe hajakosa kikao hata kimoja." Balozi hakujua aandike nini. Akarudisha penseli sikioni, akaomba miche sita ya mke wake.

Mimi wamenifanya katibu, kwa kuwa nina daftari. Kwa hiyo hii ndiyo taarifa yangu kwako, mwenyekiti. Usinisahihishe mpaka nimalize.

Kibuyu kimerudi juu ya mlango wako, na nimekiziba kwa gunzi jipya. Mzee Chilewa anasema mwakani atakiteka tena, nami nimemwambia ajifunze kwanza kutofautisha ugoro na majivu. Sauti haikutetemeka. Ilitetemeka kidogo.

Jambo la mwisho. Kwenye njia ya kwenda shule kuna nyumba yenye ua wa mabua, na mwaka huu maboga yametambaa mpaka juu ya ua, yananing'inia barabarani. Simjui mwenye nyumba. Nimepita mara mbili nikikusudia kupiga hodi. Nakuahidi kwamba kesho sitapita mara ya tatu. Nitasimama mlangoni na miche mitatu kwenye jani la mgomba, nami nitapiga hodi ya sauti yako, ile ya kuamsha kuku.

Pumzika, Shangazi. Mungu akupe udongo laini, na kivuli, na mtani wa karibu. Kumwagilia kumebaki kwetu.

Ni mimi,
Bibi Kitabu wako